Masale Yaliyofunga Mfereji

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo ya zana nikatembea hadi nyumbani bila kugeuka, maana najua mnavyowacheka wazee wanaogeuka. Lakini ninyi vijana wa misitu mlinifuata mpaka kibarazani, mkataka niandike nilivyoanza kazi. Nimekubali. Habari za vyeo vyangu nitaziacha. Anayezijua anazijua, na asiyezijua atasimuliwa na mke wangu. Nitaandika miaka ya mwanzo, enzi za Mjerumani, nilipokuwa mtu pekee katika mlima mzima wa Meru mwenye cheti cha kazi ya misitu. Sisemi hivyo kwa majivuno. Kama alikuwapo mwingine, basi alijificha vizuri.

Niliondoka nyumbani nikiwa kijana, kichwani nimebeba mzigo wa msafara uliokwenda Tanga. Baba yangu alikuwa ameshafariki na hapakuwa na mtu wa kunisomesha, kwa hiyo nilijisomesha mwenyewe. Asubuhi nilipakua shehena bandarini, alasiri nikakaa darasani na watoto wadogo walioniita babu. Kutoka Tanga nilichaguliwa kwenda Usambara, kwenye shule ambako Wajerumani walifundisha kupanda miti, kuipima na kuitunza. Nilitoka huko na cheti chenye mhuri wa tai, viatu vya ngozi, na Kijerumani cha kutosha kuomba maji na kukataa supu ya kabichi. Nikarudi Meru kwa miguu, viatu begani ili visichakae. Nilivivaa nilipofika kwenye migomba ya jirani wa kwanza.

Aliyenipokea ni Baba Mkubwa Sangito, kaka wa marehemu baba. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka kwa haraka, na ndiye aliyesimamia mfereji wa ukoo wetu. Mfereji ule ulianzia kwenye chemchemi msituni, katika uwanja wa nyasi uliozungukwa na miti mikubwa, ukateremka hadi kwenye vihamba vyetu, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Bila huo migomba ya kiangazi isingesimama, wala magimbi. Kila ilipotangazwa siku ya kuuzibua, kila nyumba ilitoa mwanamume mwenye jembe. Asiyefika au aliyechelewa alitozwa mtungi wa pombe ya ndizi, na pombe hiyo ilinywewa na wale waliofanya kazi, mbele yake, polepole.

Siku ya mfereji ilinipita mara tu nilipofika, kwa kuwa hakuna aliyeniambia. Niliposikia, nilitafuta mtungi nikaupeleka mwenyewe, nimevaa viatu, kifua mbele.

"Hii ya nini?" aliuliza Baba Mkubwa.

"Ni faini yangu, Baba Mkubwa. Sikufika mferejini."

Aliutazama mtungi, akatazama viatu. "Faini tunawatoza watu wa mfereji. Wewe ni mgeni, umetuletea zawadi. Ahsante sana." Akawageukia wenzake. "Huyu Lazaro wetu amempita yule wa misheni. Yule alikaa kaburini siku chache tu, huyu amekaa miaka, na bado ananuka pwani."

Walicheka wakainywa yote. Nilipewa kigoda cha mgeni, kile kizuri kinachokaa karibu na mlango. Nakwambieni, hakuna kiti kigumu kama hicho.

Kazi niliipata haraka, maana cheti kiliongea chenyewe. Boma la Arusha lilikuwa na Mjerumani mmoja wa misitu tuliyemwita Bwana Firimbi. Alivaa firimbi shingoni. Akiipuliza mara moja anatuita sisi, akiipuliza kwa namna nyingine anajibizana na ndege. Alipewa amri ya kufungua njia ya matembezi kutoka mashamba ya chini, kupita katikati ya msitu, hadi kwenye uwanja ule ule wa chemchemi. Wazungu wa boma na wa mashambani walitaka mahali pa kupumzikia Jumapili. Mimi nikawa msimamizi wa njia, na nyapara wa wafanyakazi alikuwa Kasimu, Mnyamwezi aliyebeba mizigo nchi nzima kabla ya magoti kumgomea.

Siku ya kwanza nilitoa timazi yangu: kibao cha pembe tatu, uzi, na kipande cha risasi kinachoning'inia. Nilikuwa nimejifunza kuwa njia ya matembezi haipandi mlima kama mbuzi, inauzunguka. Nikapima, nikachomeka vijiti, wafanyakazi wakasimama wanatazama kama watu waliokuja kuona mganga.

"Bwana Cheti," alisema Kasimu, "hawa Wazungu wanakwenda wapi?"

"Juu, kwenye uwanja."

"Kufuata nini?"

"Hawafuati kitu. Wanatembea."

"Halafu?"

"Halafu wanarudi."

Kasimu aliweka panga chini. "Mimi nimetembea kutoka Tabora mpaka hapa na mzigo kichwani, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba ile ilikuwa starehe."

Hata hivyo alikata njia nzuri kuliko wote. Nami nilimfundisha kitu ambacho ninyi nanyi nimewafundisha mpaka mmechoka: kwenye kila kona kata mkono wa maji kuelekea bondeni, upana wa jembe moja, la sivyo masika moja tu itageuza njia yako kuwa korongo. Njia yangu ile ya kwanza inatembewa mpaka leo. Nendeni mkaione. Msipoteze muda kutafuta kasoro.

Kasimu naye alinifundisha kukohoa. Mnanicheka ninapokohoa kabla ya kila kona yenye nyasi ndefu, lakini hamjawahi kunibeba kwenye machela. Nyati, alisema Kasimu, hana ugomvi na mtu aliyetoa taarifa. Ugomvi wake ni na mtu anayemtokea ghafla kana kwamba ana haki na mahali hapo. Nimekohoa miaka yangu yote ya kazi, na ndiyo maana nimefika kwenye pensheni na mbavu zangu zote. Mungu amlaze pema Kasimu.

Kwa Bwana Firimbi nilijifunza kupinda. Tulipofika penye mti mkubwa wa loliondo uliosimama katikati ya vijiti vyangu, mimi niliita mashoka. Yeye aliweka kiganja kwenye gome akakaa hivyo kwa muda. "Pinda njia," alisema. Nikamwambia vipimo vinakataa. "Wewe una cheti, Lazaro. Pima tena." Nikapima tena, nikapinda, na kona ile ikawa nzuri kuliko zote, kwa sababu mtu akiizunguka anauona mti mzima kwa pamoja, kuanzia mizizi hadi mbega walioko juu. Wageni walisimama hapo wakavua kofia. Nilizoea kusema wazo lile lilikuwa langu. Upimaji ulikuwa wangu.

Wageni wenyewe mngewapenda. Walipanda na viti, meza, gramafoni na sufuria za keki, vyote vichwani mwa watu wa Kasimu, ili waje kufurahia mahali pasipo na vitu. Palikuwa na mama mmoja mnene, mke wa mwenye shamba, aliyekusanya vipepeo na kuongea nao. Palikuwa na karani mwembamba wa boma aliyekuja na bunduki kuwinda nyati. Siku yake ya kwanza aliua birika la chai. Wengine waliendelea siku ya pili hadi Momela kutazama viboko ziwani, wakarudi wameungua pua na wamefurahi. Sikuwa nimewahi kuona watu wazima wakifurahi hivyo bila arusi. Nikaanza kuwaelewa. Kuna Jumapili nilikaa kwenye jiwe pembeni, nikasikiliza maji ya chemchemi na ile gramafoni yao, na sikutamani kuwa popote pengine.

Taabu ililetwa na ukungu. Karani yule yule wa birika alijitenga na wenzake, akafuata njia ya nyati akidhani ni yangu. Tulimkuta ukingoni mwa korongo ameketi anaimba tenzi za kanisani, beti zote. Boma likaamuru njia iwekewe alama. Tulipaka miti rangi nyekundu. Tembo walijisugua wakaondoka nayo. Tulisimika nguzo, tembo waliziangusha, nadhani kwa burudani. Bwana Firimbi alikuwa bado anakuna kichwa nilipotumwa Moshi kuchukua sururu na mashoka mapya.

Nilirudi kiangazi kimeanza. Nilipopandisha njia na wapagazi wangu, nilisimama. Pande zote mbili, kutoka shamba la mwisho hadi nilipoweza kuona, palikuwa na mstari wa masale, yamechomekwa moja moja, yameshika, yanang'aa.

Kwa wale mliotoka mbali: sale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Ukikata tawi lake ukalichomeka ardhini linaota, kiangazi na masika halijali. Ndiyo maana lilimvutia Bwana Firimbi. Aliliona kwenye nyua za watu akafikiri amepata alama ambayo hata tembo hali. Lakini kwetu sale halichomekwi ovyo. Likisimama kwenye mstari ni mpaka. Mpaka wa sale hauvukwi bila ruhusa ya aliyeupanda, wala haung'olewi na mkono mwingine. Mkono utakaong'oa umebeba ugomvi. Na sale likiletwa mkononi ni ombi la msamaha, na anayeletewa hawezi kukataa kulisikiliza.

Nilikimbia hadi juu. Masale yalikuwa yameuzunguka uwanja mzima, na chemchemi ilikuwa ndani. Mdomo wa mfereji ulijaa majani na tope, na maji yalikuwa yamejitafutia njia nyingine yakitumbukia korongoni, bure.

"Watu wa mfereji walikuja," alisema Kasimu. "Waliyaona majani, wakanong'ona, wakarudi na majembe yao. Nikasema ingieni, wakanitazama kama nimewatukana mama zao. Tumekosea nini? Bwana alisema panda, tukapanda."

Nilishuka kwa Baba Mkubwa siku hiyo hiyo. Wazee walikuwa wamekaa uani, na nyuma yao vijana wamesimama na mikuki. Majani ya migomba yalianza kukunjamana kama karatasi karibu na moto.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mgeni. Umepanda vizuri. Mstari umenyooka kabisa."

"Sikupanda mimi. Nilikuwa Moshi."

"Mzungu amejuaje sale? Ameota?"

"Aliliona kwenye nyua. Aliona linashika, basi. Hajui maana yake."

"Na katika watu wote wanaolala kwenye kambi yake," alisema mzee mwingine, "ni nani anayejua maana yake?"

Walikuwa wameshaamua kwamba mimi ndiye niliyeuza sale kwa Wajerumani, na kwamba chemchemi sasa ni ya boma. Kijana mmoja alisema waende kambini. Baba Mkubwa alimwambia akae. Haikuwa imepita miaka mingi tangu vita vyetu na Mjerumani. Migomba iliyofyekwa na askari ilikuwa imechipua tena, lakini wenye migomba hawakurudi wote. Kila mtu uani pale alijua kambi ikiguswa askari watapanda tena.

"Cheti chako," Baba Mkubwa aliniuliza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "kinasema nini kuhusu maji?"

Nilipanda tena kwa Bwana Firimbi. Nilimkuta anachonga fimbo, mwenye furaha, akaniuliza kama nimeyaona masale yake. Nikamwuliza kwao mtu akihamisha jiwe la mpaka wa shamba la mwenzake, inakuwaje.

"Babu yangu hakusema na ndugu yake mpaka kufa," alijibu, "kwa ajili ya jiwe dogo kama hili." Akaonyesha ngumi.

"Basi Bwana, wewe umewawekea watu wangu mawe pande zote mbili za njia na kuzunguka maji yao."

Nikamweleza yote. Alikuwa mtu wa miti, na mtu wa miti anaelewa maana ya maji kuacha njia yake. Mwisho alisema, "Nikienda kumwomba mzee radhi, boma lote litanicheka, na wataniondoa hapa wamlete mtu wa bunduki. Hilo siwezi. Lakini nilichopanda naweza kuking'oa. Msitu huu ni kazi yangu. Kuomba radhi ni kazi yako, wewe ni mtu wa huko."

"Bwana," nilisema, "huko hakuna anayesema hivyo."

"Basi itabidi uanze wewe."

Mnanijua. Mimi hata kosa langu mwenyewe huwa siombi msamaha kabla ya kubishana kwanza, na hili halikuwa langu. Nililitafakari njia nzima. Nilifika kwenye kihamba cha marehemu baba, nikakata sale kwenye mpaka wake wa zamani, nikavua viatu nikaviacha pale pale majanini. Nikaingia uani kwa Baba Mkubwa peku, sale mikononi, wazee wale wale wameketi. Sikuelekea kwenye kigoda. Nikapiga magoti.

Baba Mkubwa hakulipokea upesi. "Unaomba kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mkono uliopanda bila kujua."

"Mkono huo ni wa Mzungu. Wewe ni nani hata umwombee kwangu?"

"Mtoto wa ndugu yako," nilisema. "Maji yakipotea, yanapotea kwangu pia. Kihamba cha baba kiko mwisho wa mfereji huo huo."

Kisha Baba Mkubwa akanyoosha mkono akalichukua sale, akaliweka juu ya mapaja yake.

"Aliyetoa amri ndiye mwenye mkono," alisema. "Ang'oe la kwanza mwenyewe, mchana, sisi tukiona. Mengine yang'olewe na watu wa upande wake, si na watu wa mfereji. Halafu tutajua kama umesema kweli."

Jumapili iliyofuata wageni walipanda kama kawaida na gramafoni yao. Wazee wetu walisimama ukingoni mwa uwanja, kwenye kivuli cha miti, kimya. Bwana Firimbi alivua koti, akaenda kwenye sale lililokuwa karibu kabisa na chemchemi, akalishika kwa mikono miwili akalivuta. Lilikuwa limeshika kweli. Alivuta uso ukawa mwekundu kama rangi iliyochukuliwa na tembo, likatoka na udongo wake. Akaenda kwenye la pili.

Yule mama wa vipepeo aliuliza anafanya nini. Bwana Firimbi akamjibu kwa Kijerumani, nami nilimsikia, kwamba leo kuna mchezo, na anayeweza kushiriki ashiriki. Basi mama akapandisha mikono ya gauni. Akaja mume wake, wakaja makarani. Baada ya muda mfupi Wazungu wote walikuwa wameinama kwenye njia wanang'oa masale kwa kelele na vicheko, huku gramafoni ikiwapigia muziki wa ngoma yao. Karani wa birika alilivuta moja kwa hasira, likaachia ghafla, akaanguka chali miguu juu.

Nilitazama upande wa wazee. Hakuna aliyecheka. Kisha Baba Mkubwa akaanza kukohoa, akakohoa kwa muda mrefu, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na wenzake wakaambukizwa kikohozi hicho wote.

Walikwenda hadi shamba la mwisho. Wale wageni walisema baadaye kwamba haikuwahi kuwapo Jumapili nzuri kama ile, na wakaomba irudiwe. Tangu hapo njia zangu zimewekewa mafungu ya mawe, yaliyopakwa chokaa kwa juu, kama mnavyofanya hadi leo. Sasa mnajua kwa nini. Msipande kitu chochote hai kwenye njia kabla hamjauliza wenyeji kwao kinasema nini.

Siku ya mfereji ilitangazwa mara moja. Safari hii habari ilinifikia. Baba Mkubwa alimtuma mtu hadi kambini. Lakini asubuhi ile Bwana Firimbi alinipa wageni wa kuwasindikiza kwenye njia ya Momela, na mpaka niwafikishe penye kijito na kurudi mbio na jembe langu, watu walikuwa wameshafika kiunoni kwenye tope na maji yalikwisha kuanza kuitika. Nilivua viatu haraka.

"Lazaro," aliita Baba Mkubwa kutoka mferejini, bila kuinua kichwa. "Jua liko wapi?"

"Liko juu, Baba Mkubwa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na wageni wa Bwana, njia ya Momela, nao hawajui kutembea haraka, ndiyo maana—"

"Mtungi mmoja."

Watu waliacha majembe. Mimi nilidhani sikusikia vizuri. "Baba Mkubwa, nilikuwa kazini."

"Miwili," alisema Baba Mkubwa. "Shuka ufanye kazi, umesimama kwenye mwanga wangu."

Nikashuka. Tope lilikuwa baridi sana na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiandikeje. Tulizibua hadi jioni, na maji yakateremka mbele yetu yakibeba majani makavu, yakapita kwa Baba Mkubwa, yakapita kwa jirani, yakaishia kwenye migomba ya marehemu baba.

Cheti changu mnakijua, kiko ukutani, na anayetaka kukiona anakaribishwa. Lakini faini ile niliilipa ilipoiva pombe. Kasimu alijitolea kunisaidia kubeba, akasema mtu mwenye mhuri wa tai hapaswi kuonekana na mtungi kichwani. Nilimkatalia. Niliibeba mitungi yote miwili mwenyewe, mmoja mmoja, katikati ya vihamba, mchana, kwa mwendo wa polepole, ili kila mtu anione nimetozwa.